UZI: Jeneza la mdogo wangu lilivuka mto kwa pantoni, na Mama hakuuona uso wake

#1 Dada wa Pangani (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Humu ni msomaji wa siku nyingi, kuandika ni mara chache. Leo naomba mnivumilie. Uzi ni mrefu na ninauandika kwa simu, kipande kwa kipande.

Mdogo wangu alikuwa askari. Alifia kwenye ulinzi wa amani, nje ya nchi. Jina lake sitalitaja, wala mwaka, wala kituo. Wenzake wengine bado wako kazini, na Mama hataki jina la mwanawe lizunguke mitandaoni. Niseme tu kwamba hakuwa miongoni mwa wale waliouawa Semuliki, Kongo, mwaka 2017. Yeye aliwatangulia.

Alikuwa kitinda mimba. Alipopata nafasi ya kwenda depo, Baba alifurahi mpaka akauza nyavu moja ili apate nauli na vifaa. Siku ya kuapa Mama alipanda basi, akalala njiani, akarudi na picha ambayo iko ukutani mpaka leo: kijana amebana kidevu, kofia imemkaa chini kidogo kwenye paji la uso. Mama alikuwa akiwaambia majirani, "Wamemnyoosha mwanangu."

Alipopangiwa misheni alinipigia mimi. "Dada, usimwambie Mama mpaka niwe nimefika." Lakini Mama alikuwa ameshajua, sijui kwa nani. Siku ya kuaga alimtia kwenye begi chupa ya mafuta ya nazi na karatasi ya Ayatul Kursi aliyoandikiwa na mwalimu wa chuo, akaikunja ndogo ikaingia kwenye mfuko wa shati.

Habari ilianza kwa redio. Baba ana redio ya betri, anaiamsha na adhana ya alfajiri. Alisikia kwamba askari wetu wameshambuliwa, idadi ikatajwa, majina hayakutajwa. Alizima redio, akakaa barazani siku nzima bila kumwambia mtu. Mimi nilikuja kujua haya baadaye sana. Fikirieni mzee wa miaka sitini na kitu amebeba jambo hilo kifuani kuanzia alfajiri mpaka alasiri, mkewe anapita mbele yake anateka maji.

Alasiri walikuja wawili, wamevaa sare, na katikati yao mjomba wangu. Mama alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Alipomwona kaka yake amesimama kati ya wale watu hakuuliza kitu. Aliweka kifuu chini, akafunika chicha kwa kawa, akajifuta mikono. Hapo ndipo akasema, "Semeni."

Huku kwetu mtu akifa asubuhi, alasiri yuko kaburini. Sisi tulikaa siku tisa na msiba usio na maiti. Turubai limefungwa, watu wanakuja wanaondoka, wengine wanarudi mara ya pili na ya tatu kwa sababu hawajui kama waliokwishahani wanatakiwa kuhani tena. Usiku wanawake wamelala kwenye majamvi, Mama hajalala. Siku ya sita alianza kusema labda wamekosea mtu.

Mwili ukafika Dar es Salaam, ukapewa heshima zake, kisha safari ya Chalinze, Segera, Muheza, mpaka Pangani. Kwetu ni ng'ambo, upande wa Bweni, kwa hiyo lazima kuvuka mto. Pantoni ilikuwa imeshajaa watu, baiskeli, magunia na pikipiki. Gari la jeneza lilipofika gatini, abiria waliteremka wenyewe. Hakuna aliyewaamuru. Waliteremsha na magunia yao, wakasimama kandokando, wakaacha pantoni ivuke na jeneza, askari na sisi peke yetu. Katika mambo yote ya siku ile, hilo ndilo ninaloweza kulisimulia bila sauti kukatika.

Nyumbani Mama aliomba kitu kimoja. Kuona uso. Akaambiwa jeneza limefungwa na halifunguliwi. Kijana aliyemwambia alikuwa na umri wa mwanawe, alisema "Mama, naomba unisamehe" mara tatu, machozi yanamtoka. Sheikh akasema tumswalie alivyo. Tukamswalia, bendera ikakunjwa, akakabidhiwa Baba, risasi zikapigwa hewani, ndege wote wa minazini wakaruka.

Baada ya hapo kila aliyekuja alisema "shujaa". Mwanao shujaa, umezaa shujaa. Neno hilo ni la kweli na sina ugomvi nalo. Lakini Mama alikuwa na maswali yake: alikufa saa ngapi? Alikuwa na nani? Aliumia muda mrefu? Siku hiyo alikuwa amekula? Na usiku, tukiwa wawili, lile kubwa: "Mlimzika nani?"

Hilo ndilo lililonileta humu. Walioondokewa na mtoto jeshini, wa nchi yoyote: nyumbani kwenu mliambiwa nini? Mliambiwa na nani? Mlitosheka?

#2 Mtu wa Handeni

Pole sana dada yangu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Hapo kwenye pantoni nimesimamisha kazi. Naweka kituo, nafuatilia.

#3 Msema Wazi

Pole mleta uzi. Ila tuseme ukweli. Jeshi si kilimo. Mtu anapoapa anajua kuna kufa. Na misheni watu wanazigombania kwa sababu ya dola. Ikitokea ajali tusiwe kama tumedhulumiwa.

#4 Dada wa Pangani

#3, sijaandika popote kwamba tumedhulumiwa. Soma tena. Mdogo wangu alijua, Baba alijua, na Mama alijua kuliko wote ndiyo maana akaandikisha Ayatul Kursi. Kujua kwamba mtoto anaweza kufa hakukuondolei haki ya kuuliza amekufaje. Mvuvi naye anajua bahari inaua. Akizama, wenzake wakirudi pwani ni lazima waende kwa mkewe wakamweleze dau lilipinduka wapi na nani alimwona wa mwisho. Wasipokwenda, kijiji kizima kinawaona wamefanya vibaya.

#5 Mzee wa Kwata

Nimestaafu nikiwa sajinitaji. Nilishakwenda misheni, nikarudi salama, namshukuru Mungu.

Kwanza kwa ndugu yangu #3. Hizo dola Umoja wa Mataifa haumwekei askari mfukoni. Unairudishia serikali iliyotoa askari, kiwango kwa kichwa kwa mwezi. Mwaka 2018 kilipandishwa kikawa dola 1,428. Kila nchi ina utaratibu wake wa kumlipa askari wake. Kwa hiyo usiseme mtu amekwenda kufa kwa dola 1,428. Mimi nilikwenda kwa sababu jina langu lilisomwa kwenye paredi.

Sasa kwako binti yangu. Katika utumishi wangu nilitumwa mara tatu kupeleka habari ya kifo nyumbani kwa askari. Mara ya kwanza niliharibu. Nilikuwa kijana, nikamwambia baba wa marehemu tukiwa tumesimama mlangoni, kwa sababu nilitaka yatoke haraka. Mzee alianguka, akapasuka juu ya jicho kwenye kizingiti. Sijawahi kuisahau damu ile. Mara ya pili na ya tatu nilijifunza: mtafute mzee wa ukoo kwanza, ingia ndani, omba maji ya kunywa. Mwenye nyumba akikuletea maji, naye atakaa. Hapo sema, na sema kwa maneno machache, na utaje neno "amefariki". Usiseme "amepata matatizo" wala "hali yake si nzuri". Ukimwachia mtu upenyo wa matumaini umemwongezea kifo cha pili.

Kuhusu jeneza. Aliyelifunga hakulifunga kwa kuficha. Vifo vya kule mara nyingi ni vya makombora na moto, na mwili unasafiri siku nyingi kwenye joto. Wanaofunga huwa ni wenzake, na huwa wanajua wanachokuepusha nacho. Hata hivyo naelewa kwamba kwa mama, bora aone lolote kuliko kutoona.

Nina swali. Kuna yeyote wa kombania yake aliyewahi kuja kukaa na Mama?

#6 Dada wa Pangani

Shikamoo mzee wangu. Ahsante kwa kuyasema haya, hasa la yule mzee wa kizingitini.

Swali lako nitalijibu, ila si sasa. Acha nimalize la Semuliki kwanza, maana nilikuwa nimepanga kulieleza.

Tarehe 7 Desemba 2017, jioni, kituo cha Watanzania cha Semuliki, wilaya ya Beni, Kivu Kaskazini, kilivamiwa. Wanaotuhumiwa ni ADF, waasi wenye asili ya Uganda. Walipigana saa nyingi usiku. Kwanza tulitangaziwa 14 wamekufa. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, akasema ni shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni ya umoja huo. Miili ikaletwa nyumbani, ikaagwa Upanga, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akiongoza.

Mimi siku hiyo nilikuwa kazini, kuna televisheni ukutani. Majeneza yamepangwa mstari, kila moja na bendera. Wenzangu wanatazama majeneza, mimi natazama wale akina mama waliokaa kwenye viti vya plastiki. Mmoja alikuwa ameshika mkono wa kiti namna ile ile Mama alivyoshika ukingo wa jamvi. Nikatoka nje nikalia. Tangu tumzike mdogo wangu sikuwa nimelia hivyo.

Halafu Umoja wa Mataifa ukaunda uchunguzi, ukaongozwa na Mrusi, Dmitry Titov, na ndani yake walikuwemo maofisa wawili wa Tanzania. Machi 2018 matokeo yakatangazwa: waliokufa 15, waliojeruhiwa 43, na mmoja hajulikani alipo. Na wakasema wazi kwamba misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu wale vijana wala wa kuwatoa pale, na kwamba ndege, wahandisi na taarifa za kiintelijensia vilipungua.

Nilimsomea Mama habari hiyo, neno kwa neno. Nilidhani atakasirika. Aliuliza: "Wamewaambia wazazi wao?" Nikasema imetangazwa, Mama, kila mtu amesikia. Akasema, "Kutangazwa ni kutangazwa. Nauliza kama wameambiwa."

Akaniuliza tena juu ya yule mmoja asiyejulikana alipo. "Mama yake anavaa nini?" Sikuelewa. Akafafanua: anavaa nguo za msiba au anavaa za kawaida? Tangu siku hiyo kila akiswali anamwombea mama huyo, ambaye hajawahi kumwona.

#7 Mwana wa Beni

Mimi ni wa Beni, Kongo. Nimesoma yote. Pole sana mama, pole dada.

Barabara ya Mbau kwenda Kamango, ambako Semuliki iko, sisi tunaijua kama barabara ya kifo. Tangu Oktoba 2014 watu wetu wanachinjwa kwa panga na shoka, kwenye mashamba, Oicha, Mbau, Eringeti, mpaka ndani ya mji. Mimi nimezika shangazi na watoto wake wawili. Kwa hiyo mwanajeshi wa mbali akija kusimama kati yetu na msitu ule, kwetu si habari ya gazeti.

Kuna watu hapa kwetu waliokasirikia MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa hapa Kongo, walisema haiwalindi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Siku moja kulikuwa na maandamano, na mimi nilikuwa ndani. Lakini Watanzania tulikuwa tunawasalimia kwa sababu walitujibu Kiswahili. Jioni ukipita karibu na magari yao utasikia mtu anauliza, "Mzee, mihogo kilo bei gani?" Mtu anayejua kukuuliza bei ya mihogo huwezi kumwona mgeni kabisa.

Na nikumbushe la Novemba 2018, Kididiwe, karibu na Beni. Wamalawi na Watanzania walikwenda pamoja kushambulia ADF. Koplo mmoja Mtanzania alijeruhiwa vibaya, hawezi kusogea. Askari wa Malawi, Private Chancy Chitete, akamvuta chini ya risasi mpaka mahali salama akaanza kumfunga jeraha. Yeye ndiye akapigwa, akafa. Mtanzania akapona. Mwaka 2019 Chitete alipewa nishani ya Mbaye Diagne, ile kubwa ya ujasiri ya walinda amani, mke wake akaipokea New York. Siku ile walikufa Wamalawi sita na Mtanzania mmoja. Nasema hivi kwa sababu kule Malawi pia kuna mama sita.

#8 Mama Wawili

Nilikuwa nasoma bila kuingia. Naingia kwa ajili ya wajane, maana naona wote mnasema mama, mama.

Mume wangu naye alifia kazini, si misheni, mazoezini. Nilikuwa na miaka 26. Mkwe wangu alipewa bendera, mimi nilikuwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, sitoki. Nilipotoka nikakuta mambo mengi yameshapangwa bila mimi. Kila mtu anamwambia mkwe "umepoteza mtoto", ni kweli. Mimi nilionekana kama mtu wa kupita. Usiku mtoto akiuliza baba yuko wapi, alikuwa ananiuliza mimi.

Dada mleta uzi, mdogo wako alikuwa na mke?

#9 Dada wa Pangani

Alikuwa naye, na mtoto wa kiume wa miezi saba. Umenigusa mahali panapouma na sitakwepa. Ndani ya ukoo wetu kulikuwa na waliosema arudi kwao. Tulikaa vikao vinne. Mama ndiye aliyekata neno: "Aliyemvalisha mwanangu kanga begani siku anaondoka ni huyu. Hatoki." Bado tuko naye. Mtoto yuko darasa la tatu, anatembea kama baba yake, visigino vinaanza.

Lakini umesema kweli, hata katika uzi huu nimemsahau mpaka uliponiuliza. Naomba radhi kwake.

#10 Mtu wa Mirathi

Niongezee la manufaa, maana hapa ndipo familia nyingi zinaumizwa mara ya pili. Kaeni kikao cha ukoo mapema na muandike muhtasari, wahusika wote wasaini, mjane akiwemo hata kama yuko ndani ya eda: apelekewe karatasi alipo. Mchague msimamizi wa mirathi, aende mahakama ya mwanzo na muhtasari huo pamoja na cheti cha kifo. Kwa familia ya Kiislamu iliyoacha baba, mama, mke na mtoto wa kiume, mafungu yanajulikana: baba sudusi, mama sudusi, mke thumuni, kinachobaki cha mtoto. Fungu la mtoto mdogo lisiguswe na mtu kwa jina la "kumlelea". Nimeshuhudia nyumba zikivunjika kwa neno hilo moja.

#11 Mkenya wa Eldoret

Poleni majirani. Nimeletewa huu uzi na rafiki yangu wa Arusha.

Sisi hapa Eldoret tuna Moi Barracks, kambi ya jeshi. Tarehe 15 Januari 2016, alfajiri, Al-Shabaab waliingia kambi ya askari wetu ya El Adde, eneo la Gedo, Somalia. Wengi waliokuwa pale walitoka Kikosi cha 9 Kenya Rifles, hapa kwetu. Mimi nilikuwa na duka karibu na lango. Wiki ile wanawake walikuwa wanakuja kununua kadi za simu, wanakwangua palepale kaunta, wanapiga, haishikwi, wananunua nyingine. Niliacha kuwauzia nikaanza kuwapa bure.

Dada umeuliza mliambiwa nini. Tarehe 27 Januari kulikuwa na ibada kubwa kambini, Rais Uhuru Kenyatta alikuja, na Rais Buhari wa Nigeria, na Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia. Miili mingine ilibidi itambuliwe kwa vipimo vya DNA, na kuna nyumba zilisubiri sana. Idadi kamili ya waliokufa serikali haikuitangaza. Rais wa Somalia alipotaja karibu 200 kwenye mahojiano, jeshi letu lilikanusha, na halikutaja idadi yake.

Kuna mzee alikuwa anakuja dukani kwangu kila Jumatatu. Aliniambia, "Wakisema idadi, nitajua mwanangu ni wa ngapi. Wasiposema, ni kama hayumo." Nimekaa na neno hilo miaka yote hii. Mzee hataki pesa wala mnara. Anataka mwanawe ahesabiwe.

#12 Msema Wazi

Nimerudi. Nimesoma kuanzia #5 mpaka hapa. Dada, nilichoandika mwanzo nakiondoa. Binamu yangu yuko misheni sasa hivi. Nadhani niliandika vile kwa sababu ya hofu yangu mwenyewe. Samahani.

#13 Dada wa Pangani

Tumesameheana kaka. Mungu amrudishe binamu yako salama. Mwambie ampigie mama yake, hata kama hana la kusema.

#14 Mjukuu wa Muleba

Niongeze kitu cha zamani. Nyumbani kwetu ni karibu na Kaboya, wilaya ya Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita vya Kagera. Wamelala pale zaidi ya 600. Misalaba na mawe vimepangwa mistari iliyonyooka, kama paredi. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunasafisha.

Bibi yangu alikuwa anakwenda pale hata siku zisizo za sherehe, na jembe lake. Hakuwa na mtu wake pale. Nilimuuliza, nikiwa mdogo, kwa nini anapalilia makaburi ya watu asiowajua. Alisema wametoka Songea, Dodoma, Lindi, na mama zao hawana nauli ya kuja huku.

Wakati fulani alikuja mwanamke mzee sana kutoka Ruvuma, amebebwa na mwanawe mwingine. Alikuwa amesubiri zaidi ya miaka 30 kuona kaburi. Bibi alimpeleka mpaka kwenye jina. Yule mama hakulia, alivua kitenge chake kimoja akalifuta lile jiwe, taratibu, kama anamwogesha mtoto. Wakakaa wote wawili chini mpaka jua linazama, mmoja anaongea Kingoni na mwingine Kihaya, Kiswahili kidogo kidogo.

#15 Mzee wa Kwata

#14 umenitoa machozi, nami si mtu wa machozi.

Binti yangu wa Pangani, bado nangoja jibu la swali langu.

#16 Dada wa Pangani

Nalijibu sasa. Nilichelewa kwa sababu nilimwomba Mama ruhusa kwanza, na amenipa.

Ndiyo, alikuja mmoja. Ilikuwa miezi minane baada ya mazishi, saa nne asubuhi. Alivaa nguo za kiraia, ana begi mgongoni na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ameuliza njia kuanzia gatini Bweni. Alijitaja kwa Baba, akasema walikuwa wanalala hema moja.

Mama alimtandikia mkeka, akakaa naye uso kwa uso. Mimi nilikuwa mlangoni. Akamuuliza moja baada ya jingine, polepole, kama mtu aliyekuwa ameyapanga kwa miezi minane, na alikuwa ameyapanga.

Saa ngapi? Saa kumi na moja kasoro, alfajiri, walikuwa wanabadilishana lindo.

Alikuwa na nani? "Nami, Mama. Nilikuwa hatua tano."

Aliumia muda mrefu? Kijana alinyamaza kidogo. Nilimwona anachagua kati ya kusema uongo mwema na kusema kweli. Akasema, "Si mrefu. Kama muda wa mtu kuvuta pumzi mara kumi. Alinishika mkono." Mama alihesabu pumzi kumi hapo hapo, kimya, vidole vyake vinasogea kama kwenye tasbihi.

Alikuwa amekula? "Usiku tulikula ugali na maharage. Akamaliza wa kwake, akaomba ukoko kwa mpishi."

Mama akatikisa kichwa. Ukoko alikuwa akiugombania tangu mdogo, hakuna mtu wa nje angeweza kulijua hilo.

Kisha akamuuliza lile la usiku. "Mlimfunga nani kwenye lile sanduku?"

Kijana alilia hapo, ndipo akasema. "Ni mimi niliyemwosha uso, Mama. Maji yalikuwa machache, nikatumia ya kwenye chupa yangu. Nilimfuta, nikamfumba macho. Karatasi yako ilikuwa mfukoni, sikuitoa, amekwenda nayo."

Tangu siku ile hadi leo Mama hajauliza tena tulimzika nani.

Alitaka kuondoka mchana huo huo. Mama akamuuliza, "Mama yako yupo?" Akasema yupo, Singida. "Umeshamwona tangu urudi?" Akasema bado, alikuwa amejiapiza aje hapa kwanza. Mama akanyanyuka, akamfungia wali wa nazi na samaki kwenye kontena, akamtia mkononi nauli ambayo najua ilikuwa ya wiki nzima ya nyumbani, akamsindikiza mwenyewe mpaka gatini. Pantoni ilipoanza kuondoka alimpigia kelele kutoka ufukoni: "Nenda kwa mama yako akuone! Kisha ndiyo urudi hapa!"

Amerudi mara tano tangu wakati ule. Mara ya mwisho alikuja na mama yake.